KUPIMA HALI YA HEWA NDANI YA MABANDA YA MIFUGO: MFANO WA KAYANGA NA MANUFAA YAKE KWA WAFUGAJI WA VISIWANI

Watumishi wa Serikali katika sekta ya mifugo, pamoja na wananchi wanaofuga ng'ombe wa maziwa na kuku karibu na makaazi yao, watakuwa wamekwisha kuviona madukani vyombo vidogo vya umeme vinavyoonyesha joto na unyevu wa hewa kwa tarakimu. Vyombo hivyo huitwa vihisi. Baadhi yake huonyesha tarakimu za wakati huo tu. Vingine huweka kumbukumbu ya saa hadi saa, na vingine hupeleka taarifa kwenye simu ya mwenye banda. Ukurasa huu unakusudia kueleza vihisi hivyo vinapima nini, vitundikwe wapi na vipimo vyake visomwe namna gani, ili mtu asitumie fedha zake, au fedha za umma, kununua tarakimu asizozihitaji.

Mfano utakaotumika hapa ni mji wa Kayanga, makao makuu ya Wilaya ya Karagwe katika Mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Msomaji wa Unguja au Pemba ana haki ya kuuliza kwa nini tumekwenda mbali hivyo. Sababu ni kwamba kwa miaka mingi imekuwa ikisemwa visiwani kuwa ng'ombe wa kisasa wanafaa nchi za baridi kama Karagwe, na kwamba huko mfugaji hana haja ya kujishughulisha na hewa ya banda, kwa vile Mwenyezi Mungu amekwisha kumpa hewa nzuri bure. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Tukiiangalia Kayanga kwa makini, tutaona kwamba huko nako hewa ya banda huleta madhara, ila madhara hayo hutokea kwa saa nyingine na kwa njia nyingine. Atakayeifahamu tofauti hiyo atafahamu pia kihisi ni cha kazi gani.

Kayanga imejengwa juu ya vilima, katika mwinuko unaozidi mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mvua hunyesha kwa misimu miwili, kama kwetu. Mchana joto lake ni la wastani, na usiku hupoa kiasi cha watu kujifunika mablanketi, na asubuhi nyingi ukungu hutanda mabondeni. Eneo la Kyerwa, lililokuwa sehemu ya wilaya hiyo hadi lilipofanywa wilaya yenye kujitegemea mwaka 2012, lina maumbile ya namna hiyo hiyo katika sehemu zake za juu.

Ng'ombe si mgeni katika nchi hiyo. John Hanning Speke alipofika kwa Mtawala Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861, aliikuta jamii ambayo hadhi ya mtu ilipimwa kwa mifugo yake. Na miongoni mwa vitu vya heshima vya watawala hao kulikuwamo sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma. Lakini inafaa ieleweke kwamba ng'ombe wa asili wa huko, wale wa Ankole wenye pembe ndefu, hawakuwa wanyama wa kufungiwa. Walichungwa nje mchana, na usiku walilala katika zizi lililo wazi juu. Pembe zao zenye mishipa mingi ya damu huwasaidia kutoa joto la mwili, na upepo wa vilima ndio uliowapa hewa. Hapakuwa na banda, na kwa hiyo hapakuwa na hewa ya banda.

Banda lilikuja pamoja na ng'ombe chotara wa maziwa. Kikulula, wilayani Karagwe, kulikuwa na shamba la kuzalisha mitamba kwa ajili ya wafugaji wadogo, na kadiri mitamba ya namna hiyo ilivyoenea, ndivyo ufugaji wa ndani ulivyoenea. Ng'ombe mmoja au wawili hufungwa bandani mchana na usiku, hukatiwa majani, na mbolea yao hupelekwa kwenye migomba na mibuni iliyo nyuma ya nyumba. Utaratibu huo ni mzuri, na ndio unaotumika pia katika shehia nyingi za Unguja na Pemba. Hata hivyo, una sharti moja ambalo halitajwi mara kwa mara. Mnyama aliyefungwa hawezi kujitafutia kivuli, wala upepo, wala mahali pakavu. Hewa anayoivuta ni ile aliyojengewa na mwenyewe.

Hapo ndipo wengi hukosea. Mfugaji husikiliza taarifa ya hali ya hewa redioni, iwe ni kwa redio ya taifa au kwa redio ya jamii kama ile ya FADECO iliyoanzia Kayanga, akadhani amekwisha kujua hali ya banda lake. Taarifa hiyo ni sahihi, lakini si ya bandani. Vipimajoto vya vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa huwekwa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ya kupitisha upepo, mahali pa wazi, juu ya majani, kiasi cha mita moja na nusu kutoka ardhini. Huwekwa hivyo makusudi ili visipate athari ya jengo wala mnyama. Banda ni kinyume cha hayo yote. Ng'ombe mmoja wa maziwa aliyekomaa hutoa joto linalokaribia lile la pasi ya umeme inayofanya kazi, na hulitoa usiku kucha. Aidha, hutoa lita kadhaa za maji kwa siku kwa njia ya pumzi na ngozi, mbali na mkojo unaobaki sakafuni. Ng'ombe watatu ndani ya chumba kilichozibwa huzalisha hali ya hewa yao wenyewe, ambayo hakuna kituo cha hali ya hewa kinachoweza kuitabiri.

Tuchukue usiku mmoja wa Kayanga. Joto la nje limeshuka hadi nyuzi 15 za Sentigredi. Mfugaji, kwa huruma, huziba nafasi zote kwa mbao, magunia au mikeka, akiwaonea ng'ombe wake baridi. Kwa ng'ombe mkubwa huruma hiyo haina msingi. Nyuzi 15 kwake ni raha. Wakati huo huo mvuke wa pumzi hauna pa kutokea. Unapanda hadi kwenye bati, ambalo limepozwa na anga tupu ya usiku, unageuka matone, na alfajiri matone hayo hudondoka juu ya migongo ya wanyama na juu ya matandiko. Mtu akiingia na tochi saa 11 alfajiri ataona bati linatoa jasho. Kihisi kilichowekwa humo kitaonyesha joto la nyuzi 18 au 19, ambalo halina tatizo lolote, na unyevu wa asilimia 95 au zaidi. Mwenye kusoma joto peke yake atalala akijua mambo ni mazuri. Mwenye kusoma unyevu atajua kwamba ndama wake, aliyelala kwenye matandiko ya maji, yumo katika hatari ya homa ya mapafu.

Pamoja na unyevu huja amonia, ile gesi kali itokayo katika mkojo na kinyesi vinapooza. Ndama huathirika zaidi ya mama yake, kwa kuwa pua yake iko karibu na sakafu inapotokea gesi hiyo. Kuku huathirika zaidi ya wote. Wataalamu wa ufugaji wa kuku huchukua sehemu 25 za amonia katika sehemu milioni moja za hewa kuwa kikomo kisichofaa kuvukwa, na hata kiasi kidogo kuliko hicho, kikidumu, huharibu vinyweleo vya ndani ya koo la hewa vinavyomkinga ndege na vumbi na vijidudu. Ndiyo maana kundi linalokaa katika amonia huugua mara kwa mara hata kama limechanjwa.

Kuhusu gesi hii wananchi wanatahadharishwa wasitegemee pua zao. Pua ya binadamu huizoea amonia kwa muda mfupi, na mtu anayeshinda bandani huwa wa mwisho kuihisi. Mgeni akiingia na macho yakamchonyota, mgeni huyo aaminiwe kuliko mwenyeji. Vihisi vya gesi vya bei nafuu navyo visiaminiwe kupita kiasi, kwani vingi vyake hushtushwa na gesi za namna mbalimbali, na unyevu huvibabaisha. Kwa mfugaji mdogo, karatasi nyekundu ya litimasi, ile itumikayo katika maabara za skuli, ikiloweshwa kwa maji safi na kuning'inizwa kwenye kimo cha mnyama, hutoa jibu la kufaa: ikigeuka buluu upesi, madirisha yafunguliwe na matandiko yabadilishwe siku hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ni la hatari kuliko yote yaliyotangulia, nalo ni ulezi wa vifaranga katika nchi ya baridi. Kifaranga wa siku moja hana manyoya ya kumhifadhi, na huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 34 pale alipo. Joto hilo hupunguzwa kidogo kidogo, kiasi cha nyuzi 3 kwa wiki, mpaka afikie nyuzi 21 hivi. Katika usiku wa nyuzi 15, tofauti baina ya nje na ndani ni kubwa mno, na mahali pasipo na umeme wa uhakika tofauti hiyo hujazwa kwa jiko la mkaa. Mfugaji huwasha jiko, huziba kila tundu ili joto lisipotee, na pengine yeye mwenyewe au kijana wa kazi hulala humo humo ili alichochee. Mkaa unaoungua katika hewa pungufu hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huishika damu na kuizuia kubeba hewa safi. Vifaranga hufa, na mtu naye hufa akiwa usingizini. Kifo hicho hakina kelele, na asubuhi huonekana kama ugonjwa wa ghafla.

Kihisi cha joto hakitamwokoa mtu huyo. Kinyume chake, kitamwambia kwamba mambo ni mazuri, kwa kuwa joto ni nyuzi 33 kama linavyotakiwa. Jambo hili linapaswa kukaririwa na kila ofisa anayegawa vyombo hivi kwa wananchi: kihisi hujibu swali kililotengenezewa tu. Penye jiko la mkaa pawe na nafasi ya wazi ya kudumu juu ya ukuta, isiyozibika hata mtu akitaka kuiziba, na pasilale mtu. Vihisi maalumu vya kaboni monoksidi, vyenye king'ora, vipo na hutumika majumbani katika nchi nyingi. Lakini hata hivyo viwe nyongeza ya tundu la ukutani, visichukue nafasi yake. Mlezi wa vifaranga mwenye uzoefu, zaidi ya hayo, hutazama ndege wenyewe. Wakisongamana karibu na moto wana baridi, wakikimbilia pembeni huku wamefunua midomo wana joto, na wakijikusanya upande mmoja kuna upepo unaowapiga kutoka upande wa pili. Tarakimu zikipingana na vifaranga, vifaranga ndio wanaosema kweli, na kihisi kitazamwe kimewekwa wapi.

Baada ya kuiona baridi ya Kayanga, turudi kwenye joto, ambalo ndilo tatizo la visiwani. Mwaka 1959 Mmarekani E. C. Thom alitoa kipimo kinachounganisha joto na unyevu ili kueleza adha anayoipata binadamu, na baadaye kipimo hicho kikarekebishwa kwa ajili ya ng'ombe. Hukokotolewa hivi: joto kwa nyuzi za Sentigredi huzidishwa kwa 1.8 na kuongezwa 32. Katika jumla hiyo hutolewa zao la mabano mawili, la kwanza likiwa ni 0.55 kutoa 0.0055 mara unyevu kwa asilimia, na la pili likiwa ni 1.8 mara joto, kutoa 26. Kwa muda mrefu 72 ilichukuliwa kuwa ndiyo mpaka ambao ukivukwa ng'ombe wa maziwa wa asili ya Ulaya huanza kupunguza kula na kupunguza maziwa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona walipendekeza mpaka uteremshwe hadi 68, ila walizungumzia ng'ombe wanaotoa maziwa mengi sana, zaidi ya kilo 35 kwa siku. Kwa ng'ombe wa nyumbani wa huku kwetu, 72 yatosha kuwa alama ya tahadhari.

Tufanye hesabu. Mchana wa Kayanga wenye nyuzi 26 na unyevu wa asilimia 55 hutoa 74. Msomaji ataona kwamba hata Kayanga yenyewe, inayosifiwa kwa ubaridi, huuvuka mpaka saa za adhuhuri. Ikifika usiku, kwa nyuzi 15 na unyevu wa asilimia 90, kipimo hushuka hadi 59. Mchana wa Unguja wakati wa kaskazi, kwa nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 65, hutoa 83 na nusu. Na usiku wake, kwa nyuzi 26 na unyevu wa asilimia 85, hutoa 77.

Tofauti kubwa kuliko zote imo katika tarakimu za usiku. Ng'ombe anaweza kustahimili mchana wa joto iwapo usiku atapata saa kadhaa za kupoa na kutoa joto alilolikusanya. Wataalamu wamebainisha kwamba usiku wenye saa tatu hadi sita chini ya nyuzi 21 huzuia sehemu kubwa ya hasara ya maziwa. Ng'ombe wa Kayanga huyapata mapumziko hayo takriban kila siku ya mwaka, isipokuwa mwenyewe akimziba. Ng'ombe wa Unguja wakati wa kaskazi hayapati kabisa. Anaingia siku mpya na deni la jana. Hivyo basi mfugaji wa visiwani anayepima joto la adhuhuri peke yake anapima jambo analolijua tayari kwa ngozi yake. Kipimo chenye faida kwake ni kile cha kuanzia saa 2 usiku hadi alfajiri, na swali la kujiuliza ni je, hewa ya bandani usiku ina joto zaidi ya hewa ya nje, na kwa nyuzi ngapi? Kila nyuzi ya tofauti hiyo imetokana na ujenzi, na ujenzi unaweza kurekebishwa. Joto la nje halirekebishiki.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa Unguja. Kutokomezwa kwa mbung'o kisiwani, kazi iliyofanywa kwa kurusha madume yaliyofanywa tasa kuanzia mwaka 1994 na kuthibitishwa mwaka 1997, kuliondoa ugonjwa wa nagana na kuwawezesha wananchi wengi zaidi kufuga ng'ombe chotara wa maziwa. Ng'ombe hao wana damu ya nchi za baridi. Kikwazo kimoja kikubwa kiliondoka, na kile kilichokuwa nyuma yake, yaani joto la usiku, kikabaki peke yake mbele ya mfugaji.

Marekebisho yenyewe si ya gharama kubwa. Banda liwe na urefu wake kutoka mashariki kwenda magharibi, ili jua la asubuhi na la alasiri lipige upande mfupi. Kuta zisipande zaidi ya kiuno cha mtu upande wa upepo. Kileleni mwa paa pawe na upenyo wa kutolea joto. Paa la makuti, pamoja na kasoro zake za moto na wadudu, huwa na nafuu mchana kuliko bati tupu. Mwenye bati anaweza kulitandika makuti juu yake. Chakula kikuu kitolewe jioni na usiku, kwa kuwa usagaji wa majani tumboni nao huzalisha joto. Maji yasikosekane hata saa moja. Mfugaji wa Kayanga anahitaji jambo la namna nyingine kidogo: azibe upande mmoja tu, ule upepo wa usiku unakotokea, kwa kimo cha mnyama aliyelala, aache wazi sehemu yote ya juu chini ya paa, na azidishe matandiko makavu kwa ndama.

Ama kuhusu mahali pa kutundika kihisi, kanuni ni kukiweka anapovuta pumzi mnyama: kwa vifaranga, kimo cha mgongo wao, vidole vichache juu ya matandiko, kwa ndama, nusu mita, kwa ng'ombe mkubwa, mita moja na nusu hivi, mbali na ulimi wake, kwani ng'ombe hulamba na kutafuna chochote chenye ladha ya jasho la mikono. Kihisi kisigongomewe chini ya bati, wala mlangoni, wala ukutani panapopigwa na jua. Kingine cha aina hiyo hiyo kiwekwe nje kivulini, kwa sababu tarakimu ya ndani bila ya ile ya nje haisemi lolote juu ya banda.

Kabla ya kutundikwa, kila kihisi kihakikiwe. Vile vya bei ya chini kabisa vinaweza kukosea kwa nyuzi 2 na kwa asilimia 5 ya unyevu hata vikiwa vipya. Vya daraja linalofuata hukosea kwa nusu nyuzi. Barafu iliyopondwa ikichanganywa na maji kidogo huwa na nyuzi sifuri, na kihisi kilichofungwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji kikizamishwa humo kionyeshe sifuri. Kwa unyevu, chumvi ya jikoni ikiloweshwa mpaka iwe kama uji mzito, ikawekwa ndani ya chombo kinachofungika pamoja na kihisi kisichogusana nayo, baada ya kulala usiku mzima hewa ya chombo hicho huwa na unyevu wa asilimia 75. Tofauti itakayoonekana iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa juu ya kihisi. Mtu asijaribu kuhakiki kwa maji yanayochemka. Licha ya kukiharibu chombo, maji hayachemki kwa joto moja kila mahali. Unguja huchemka kwa nyuzi 100, lakini Kayanga, kwa sababu ya mwinuko wake, huchemka kwa nyuzi 95 hivi, na fundi asiyelijua hilo angeweza kukilaumu bure kipimajoto kizima. Vumbi na amonia huvichosha vihisi vya unyevu upesi, kwa hiyo jaribio la chumvi lirudiwe kila baada ya miezi mitatu.

Kuna jambo dogo linalowachanganya hata watumishi wenye elimu, nalo ni saa. Kihisi huandika 02:00 kikimaanisha saa 8 usiku, na 14:00 kikimaanisha saa 8 mchana. Zaidi ya hayo, vingi hutoka kiwandani vikiwa vimewekwa saa ya Greenwich, iliyo nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Njia ya kukigundua kihisi chenye kosa hilo ni nyepesi. Saa ya baridi kuliko zote kwa kawaida huwa karibu na kuchomoza kwa jua, yaani saa 12 asubuhi. Kumbukumbu zikionyesha siku baada ya siku kwamba baridi kali hutokea 03:00, na joto kali kabla ya adhuhuri, saa ya chombo irekebishwe kabla ya kuandika ripoti yoyote.

Ofisi zinazokusudia kununua vihisi kwa ajili ya vikundi vya wafugaji zinakumbushwa kwamba bei ya chombo ni mwanzo tu wa gharama. Lazima kuwe na fungu la betri, la matengenezo na la nauli ya ofisa wa kuvitembelea. Chombo chenye kuhifadhi kumbukumbu ndani yake ni bora kuliko kile kinachotegemea mtandao wa simu peke yake, kwa kuwa mtandao hukatika hasa siku za mvua kubwa, ambazo ndizo siku zinazohitaji kupimwa. Umeme wa jua unaweza kutumika; katika miaka ya 1990 shirika la KARADEA liliendesha huko huko Karagwe kituo cha mafunzo ya mafundi wa umeme wa jua, wakati ambapo wengi waliuona kuwa ni anasa. Kadhalika, vipimo vinavyochukuliwa katika banda la mwananchi asomewe mwananchi huyo kwanza. Si vizuri tarakimu kwenda wilayani, zikajazwa katika majedwali, na mwenye ng'ombe asijue kwamba banda lake lilikuwa na unyevu wa asilimia 96 kwa wiki tatu.

Asiye na uwezo wa kununua kihisi asijione ameachwa nyuma. Kipimajoto cha kawaida, daftari na kalamu vyatosha kuanzia, almuradi kisomwe saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 2 usiku kila siku bila ya kukosa. Kando ya joto iandikwe idadi ya pumzi za ng'ombe kwa dakika moja, zikihesabiwa kwa kutazama ubavu wake akiwa ametulia. Zikizidi 60, mnyama huyo ana adha ya joto, vyovyote vile kipimajoto kitakavyosema. Mwishoni mwa mstari yaandikwe maziwa ya siku hiyo. Daftari la namna hiyo la miezi mitatu, likipelekwa kwa ofisa mifugo wa wilaya, litamwezesha kutoa ushauri wa kweli juu ya banda hilo kuliko ziara ya mara moja.

Mwisho, wenye vihisi vinavyotumia betri wanatangaziwa kwamba betri zilizokwisha, hasa zile kubwa za umeme wa jua zenye madini ya risasi, zisitupwe uani, wala shambani, wala karibu na banda. Ng'ombe huzilamba kwa kupenda ladha yake ya chumvi, na risasi huwapofusha, huwatia wazimu na kuwaua. Betri hizo ziwekwe ndani ya chombo chenye kifuniko, juu mahali wasipopafikia watoto wala wanyama, hadi zirudishwe kwa muuzaji au kwa fundi.